Baiskeli Yenye Taa Mbili

Wengine walipenda bendi kubwa. Mimi nilipenda zile ambazo hata jirani zao hawakuzijua. Walimu watatu na mkata miwa mmoja wanaazima gitaa, wanakwenda Kisumu kwa basi la asubuhi, wanarekodi nyimbo mbili, na kesho yake mmoja wao anafundisha hesabu na vidole vimevimba. Bendi za namna hiyo zilijaa kwetu. Zilitoa santuri moja au kanda moja, kisha mwimbaji akaoa, mpiga besi akahamishwa, mambo yakaisha. Ukizikosa wiki ile, umezikosa.

Mimi sikuzikosa. Miaka ile ya tisini nilikuwa nimeolewa Suna, mtoto wa kwanza mgongoni, na kila Alhamisi nilisimama mbele ya kibanda cha kurekodi kanda pale Migori mjini. Mwenye kibanda alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Akiniona tu anapunguza sauti ya wimbo uliokuwa ukilia, anaingiza mwingine.

"Mathe, leo iko mpya. Vijana wa Awendo. Wamepiga gitaa kama wamekasirika."

"Kama mimi?"

"Ah, wewe umewashinda."

Nilikuwa mwanamke wa hasira, sitaficha. Nilimaliza kidato cha nne nikapasi, halafu kila mtu akaniambia sasa nitulie. Nitulie wapi? Majirani walinishangaa, mama mzima na mtoto anasimama kibandani anatingisha kichwa. Nikawaambia mama wa mtoto ana masikio pia, hakuyaacha leba. Na gitaa la pili lilipoingia katika wimbo wa wale vijana wa Awendo, jembamba, likikimbiza lile la kwanza kama mbwa na baiskeli, hasira yangu yote iligeuka miguu. Nilicheza pale pale. Mtoto mgongoni alicheka mpaka akanitapikia shingoni.

Basi, nieleze kuhusu kanda moja, kwa sababu ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Baba yangu hakuwa mwanamuziki. Alikuwa karani wa soko kule Rangwe, na alikuwa na marafiki wenye bendi. Kwetu kuna desturi inaitwa pakruok: wimbo ukiwa umekolea, mtu anausimamisha ili ajisifu kwa maneno mafupi, watu wacheke, kisha gitaa liendelee. Kwa kawaida hufanyika kwenye sherehe. Lakini bendi ya marafiki wa baba ilipokwenda kurekodi, baba alipanda basi nao, na katikati ya wimbo akapewa nafasi. Ikabaki ndani ya santuri. Gitaa linanyamaza, kisha baba yangu, kwa Kijaluo, kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Mimi hapa, bwana wa baiskeli yenye taa mbili! Giza likiniona linapiga kona!"

Alifariki nikiwa kidato cha tatu. Gramafoni yetu ilikufa nikiwa mdogo, yaliyomo nilishayasahau; kabla ya mazishi niliazima nyingine na redio ya kaseti nikairekodi santuri ile, haraka, kwenye sehemu iliyobaki ya kanda ya masomo. Nafasi haikutosha. Baba alipomaliza kusema "linapiga kona", mkanda uliisha, tak, nami nikainua sindano. Sikujali. Nilikuwa nimempata. Mwaka uliofuata mama aliokoka, akachukua santuri zote za nyumbani, akazilainisha kwa maji ya moto, akazikunja zikawa mabakuli ya maua ya plastiki. Wanawake wengi walifanya hivyo. Sebuleni kwetu marehemu wote walioimba waligeuka vyombo.

Kwa hiyo kanda yangu ndiyo ilikuwa sauti ya baba iliyobaki duniani. Nilivunja vile vijino viwili vya plastiki juu yake, ambavyo vikivunjwa mtu hawezi kurekodi tena. Nilikuwa nikimngojea mtoto wangu akue kidogo, aanze kuelewa, nimwambie: huyu ndiye babu yako, msikie anavyoringa.

Siku moja naingia nyumbani kutoka sokoni, baba wa mtoto amekaa karibu na redio, uso umejaa furaha.

"Mama, nimerekodi mechi yote! Kila goli."

"Umerekodi kwa kanda gani?"

"Hiyo haina jina. Ilikataa, nikatafuna karatasi nikaziba mashimo, ikakubali."

Nilisogea redioni, nikairudisha kanda mwanzo. Niliibonyeza mwenyewe. Mtangazaji anapiga kelele, watu wanapiga filimbi, mpaka mwisho wa mkanda. Na tulikuwa tumefungwa, tena tatu kwa moja.

Sitaandika nilichosema. Jirani wa upande wa pili alihamisha mbuzi wake. Baba wa mtoto hakujua, hilo nalikubali leo, kwa sababu sikuwahi kumwambia kilichomo. Niliogopa kwamba nikiisikiliza mbele ya watu nitalia. Nilipomweleza, alikaa chini kwenye sakafu, mtu mzima, akashika kichwa. Kisha akasema jambo la akili, la kwanza siku hiyo: "Santuri haikutolewa moja. Mahali fulani iko nyingine."

Nikaanza kutafuta. Jina la bendi sikulijua, kwa sababu mama tangu aokoke hakutaka kuulizwa habari za santuri, na karatasi ya katikati ilikuwa imefutika tangu nikiwa mdogo, ikabaki rangi ya kijani tu. Nilichokuwa nacho ni gitaa lenyewe, kichwani. Nilikwenda kibandani nikaliimba kwa mdomo, ti-riri-ti-riri-tam, na kijana wa kofia ya sufu akainamisha kichwa akasikiliza kwa heshima kama daktari.

"Hiyo siijui. Lakini ngoja, inafanana na hii." Akaniwekea kitu kingine cha zamani, kizuri ajabu, cha watu wasiojulikana. Haikuwa yenyewe. Nikaichukua hata hivyo.

Ndivyo ilivyokuwa miezi miwili. Niliimba ti-riri-tam Rongo, nikaimba Oyugis siku ya soko kati ya wauza viazi na wauza mitumba, mtoto akisaidia kwa kunipiga mgongo. Baba wa mtoto naye, kwa majuto, aliliimba kazini kwake kwa kila dereva wa lori aliyepita, ingawa hawezi kuimba hata kidogo, na nadhani aliwachanganya wengi. Kila mtu aliniambia "inafanana na hii". Kila mara haikuwa yenyewe, na kila mara nilirudi na bendi ambayo sikuwahi kuisikia: akina mama wa Kendu Bay wakipiga chupa za soda badala ya ngoma, fundi viatu aliyeimba peke yake kuhusu mkwewe, vijana wa Kuria wenye gitaa la nyuzi nne kwa sababu mbili zilikatika na hawakungoja nyingine. Nilizirekodi zote kwenye kanda moja. Nilikuwa natafuta maiti, nikawa naokota watu wazima wazima. Kusema kweli, sijawahi kuwa na furaha namna ile nikiwa na hasira.

Huko Oyugis mama mmoja wa viazi aliniambia kuna mzee wa Kiislamu, mtu wa pwani, fundi wa redio Homa Bay, na chini ya kaunta yake kuna katoni ya santuri alizopata baa moja ilipofungwa. Nilikwenda Jumamosi, mapema.

Duka lake lilikuwa na upana wa mlango. Mzee alivaa kanzu na miwani iliyofungwa kwa waya. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa utulivu, akanivutia kiti kwanza kabla ya kuniuliza shida yangu. Nikaliimba gitaa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Binti yangu, mimi nyimbo zenu sizijui. Nazihifadhi tu, maana kitu kilichotengenezwa hakitupwi. Lakini mkononi una nini hapo?"

Nilikuwa na kanda yangu ya mkusanyiko, ile ya miezi miwili. Akaiweka. Akina mama wa chupa za soda walipoanza, mzee aliacha bisibisi yake.

"Hawa wanatoka wapi?"

"Hapo tu, Kendu Bay."

"Hapo tu! Na mimi nimekaa hapa miaka yote hii nasikiliza taarifa ya habari!" Akavuta katoni. Ilikuwa katoni ya sabuni. "Kanda yako niirekodi, nawe sikiliza zangu zote. Hiyo ndiyo biashara. Umeridhika?"

"Nimeridhika, mzee."

Tukazipiga moja moja. Nyingine zilikwaruza kama mahindi sufuriani. Nyingine zilikuwa nzuri mpaka tukazirudia, mzee akigonga kaunta kwa kidole kimoja. Nilinyonyesha mtoto, nikambadilisha nepi juu ya boksi la spika, tukaendelea. Adhuhuri mzee alikwenda kuswali akaniachia duka, akarudi na mandazi. Zilibaki santuri chache chini kabisa. Akatoa moja yenye karatasi ya kijani.

Sindano ilipogusa, sikuhitaji kungoja. Ti-riri-ti-riri-tam.

Nilimshika mzee wa watu mkono. Gitaa likanyamaza. "Mimi hapa, bwana wa baiskeli yenye taa mbili! Giza likiniona linapiga kona!"

Watu wakacheka. Kicheko ambacho kwenye kanda yangu hakikuwahi kuwepo. Halafu, juu ya kicheko, sauti ya mwanamke, kijana, kali kama filimbi:

"Taa mbili, breki hakuna! Breki yake ni mimi!"

Na gitaa likaingia tena, na watu wote wale wa zamani wakapiga vigelegele.

Niliijua sauti ile. Ndiyo inayoongoza nyimbo kanisani Rangwe. Ndiyo iliyoniita kutoka mtoni utoto wangu wote. Nilicheka mpaka mzee akazima mashine akaniuliza kama naumwa.

"Ni mama yangu," nikasema. "Mzee, huyo ni mama yangu!"

"Basi tuirekodi kabla hajaja kuikataa." Nikampa kanda ya mechi, niliyoibeba makusudi. Mashimo yalikuwa bado na karatasi iliyotafunwa na mume wangu, ikatufaa. Tuliwafuta wachezaji wote ishirini na wawili pamoja na refa. Ilipokwisha nikaichokoa ile karatasi kwa pini ya nepi nikaitupa barabarani.

Sikwenda Suna moja kwa moja. Nilishuka Rangwe. Mama alikuwa uani akipepeta mtama. Alimchukua mtoto kwanza, kama kawaida, akamsalimia vizuri, mimi nikapewa jicho.

"Nyathina, mwanangu, umekonda. Huyo mtu hakulishi?"

"Mama, keti."

Nikaweka redio yake ya mahubiri juu ya kigoda, nikaingiza kanda. Gitaa lilipoanza, ungo uliacha kutikisika. Baba akajisifu. Kisha yeye mwenyewe, miaka zaidi ya ishirini nyuma, akamjibu.

Akauinamia ungo. Nikaona nimsukume, maana ndivyo nilivyo.

"Kwa hiyo ulikuwa huko. Na ukaigeuza bakuli."

"Ningeisikiliza vipi?" Alijibu haraka, kwa ukali, kwa sauti ile ile. "Yeye anajisifu, mimi namjibu, halafu inakwisha na nyumba iko kimya. Ungeweza wewe?"

"Ungenipa mimi."

"Wewe! Na hasira zako, ungeivunja kabla ya Krismasi."

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akiwa amemshika mtoto kwapani, mtama ukimwagika, kuku wakija mbio. Akanieleza kwamba baiskeli ile haikuwa na breki kweli, kwamba siku moja ilimpeleka baba mpaka ndani ya mto akiwa na kofia kichwani, kwamba huko Kisumu hakuna aliyemwomba aseme kitu, ila aliona mtu anadanganya mbele ya watu akashindwa kuvumilia.

Nikanyoosha mkono nibonyeze kurudisha nyuma.

"Acha, utamaliza betri," akasema. Akanipa mtoto, akaitoa kanda mwenyewe, akaingia ndani, akatoka na kalamu. Akaichomeka kwenye tundu la kanda, akaanza kuizungusha, pole pole, kama mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo mara nyingi.