Penye Kijani Kingi

Tukummeq hakuwa mtu wa kusifiwa kanisani. Alikuwa na mdomo mkali, kuomba radhi kulimshinda, na marehemu mumewe aliwahi kuwaambia watu kwamba alimwoa kwa sababu aliogopa kumkatalia. Lakini majira ya ndege yakifika, hakuna aliyemfikia katika ule mwambao wote wa kaskazini mwa Greenland. Alikaa mlimani nyuma ya ukuta wake wa mawe, wavu wa mpini mrefu magotini, na wale ndege wadogo weusi wenye vifua vyeupe walipopita chini chini, makundi kwa makundi, aliuinua mara moja tu. Kisha aliwatoa mmoja mmoja na kuwabonyeza moyo kwa kidole gumba. Hata kulia hawakuwahi.

Mlima ule husomwa kwa rangi. Ndege hutaga kwenye mianya ya mawe, mavi yao hutiririshwa na maji ya theluji, na kila yanapopita huota ukoga wa kijani, mnene kuliko godoro. Ndege wakiwa wengi, ukoga hunona. Ndiyo maana Tukummeq alifundishwa tangu utotoni kutafuta kijani kabla ya kutafuta ndege, na mama yao alipofariki akamfundisha mdogo wake Imiina hivyo hivyo. Kaa penye kijani kingi, alimwambia, na ngozi yako ya sili, ile ya kuhifadhia ndege, itajaa kabla ya za wenzako.

Kiangazi kile kijani kilipita kiasi. Kilipanda hadi juu kabisa, mahali ambapo miaka yote palikuwa mawe matupu. Mvua nayo ilinyesha, mvua ya maji, kama vile mbingu za huko zimesahau theluji. Walipouona mlima kutoka kwenye boti, walishangilia, na Tukummeq alishangilia kuliko wote. Yeye ndiye aliyenyoosha kidole na kumwonyesha Imiina pa kukaa.

Imiina alikuwa na sababu ya kutaka pazuri. Binti yake, Benigne, aliyeondoka msichana kwenda kusoma kusini na kubaki huko, alikuwa amepiga simu kusema atakuja Krismasi. Aliomba kitu kimoja tu: ndege waliovundikwa ndani ya ngozi ya sili, chini ya mawe, mpaka wawe laini na wakali ulimini, kama alivyokula utotoni. Tangu mkewe afe Imiina alikuwa akila kwa dada yake. Safari hii alitaka kuijaza ngozi kwa mkono wake mwenyewe, na kila jioni aliipapasa kuona imefika wapi.

"Mjomba, hao ndege wako walikuwa wamefunga?" Avataq, mtoto wa Tukummeq, alimwuliza siku moja akimpimapima ndege kiganjani. "Hana hata nyama ya kukwama kwenye jino."

"Bahari imepata joto, chakula chao kimehamia mbali. Wewe ungeruka umbali huo kumtafutia mama yako chakula?"

"Mama? Ningetuma mtu."

Imiina alicheka mpaka akashika mbavu. Tukummeq hakucheka. Alikuwa akisikiliza chini ya miguu yake, kwa sababu kulikuwa na maji yanatembea huko, na hayakuwa kijito. Aliutazama ukoga. Ulikuwa umevimba, na ukiukanyaga uliyumba hadi mbali.

Alipiga magoti, akakunja mkono wa koti, akautumbukiza mkono wake katikati ya ukoga. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi maishani kutafuta pa kuhifadhi nyama, na kila mara, mkono ukizama hadi kiwikoni, vidole vilikuta barafu ngumu inayounguza. Barafu hiyo ndiyo iliyoubana mlima usiende popote. Sasa kiwiko kilipita. Mkono ulizama hadi begani, shavu lake likalala kwenye majimaji, na vidole vyake huko chini havikukuta kitu kigumu. Vilikuta tope, na tope lilikuwa linasogea.

Hapo ndipo alipoelewa walikuwa wamesherehekea nini. Kijani kile hakikuletwa na ndege. Barafu ya ndani ilikuwa inakufa, na ukoga ulikuwa unakunywa maji yake. Tukummeq aliogopa, na mwanamke yule hakuzoea kuogopa.

"Imiina, shuka. Wote tushuke, tuhamie kwenye miamba ile myeusi."

"Kule kusikoota hata jani? Dada, umeanza kuzeeka."

"Zeeka wewe. Mlima umeoza ndani. Nimeutia mkono."

"Ni wewe uliyeniweka hapa! Kaa penye kijani, Imiina. Penye kijani, Imiina. Tangu nina kamasi puani unaniimbia wimbo huo huo."

"Basi nilikosea."

Avataq aligeuka akamtazama mama yake, maana hakuwahi kumsikia akitamka neno hilo. Imiina naye akainua wavu wake kungoja kundi linalokuja.

"Ngozi imebaki sehemu ya shingo tu," alisema. "Nikiijaza, nashuka."

Tukummeq hakubishana tena. Alimnyang'anya wavu na kuteremka nao mbio, mama wa makamo yale, akiteleza kwenye ukoga huku mdogo wake akimfuata nyuma kwa matusi. Hakusimama mpaka alipofika kwenye miamba myeusi, mahali pa upepo, pasipo na kijani hata kidogo. Imiina alifika akihema, uso umewiva kwa hasira, na Tukummeq alifurahi kumwona na hasira zake zote.

"Chukua ngozi yangu," alimwambia. "Imejaa na nimeshaishona. Mpe mtoto."

"Binti yangu atakula ndege wa mkono wangu."

"Hatajua."

"Mimi nitajua. Ile ngozi iko palepale kwenye ukuta wangu, dada. Naifuata na kurudi. Hata wavu baki nao."

"Imiina!"

"Naifuata tu!"

Avataq alitaka kumkimbilia, mama yake akamkamata koti na kumng'ang'ania kwa mikono miwili. Walimwona akifika ukutani. Walimwona akiinama na kuitupia ngozi begani, ikimwelemea, naye akiirekebisha taratibu kama baba aliyebeba mtoto aliyelala. Ndege wote wa mlima wakaruka kwa pamoja. Kwa kawaida shakwe akiwatishia huruka hivyo, huzunguka, na kutua tena. Hawakutua. Kisha kijani chote, kuanzia kule juu, kikaanza kuteremka kikiwa kizima, bila haraka, na nyuma yake palibaki tope jeusi linalong'aa.

Mvumo wa tope ulipotulia walimwita. Tukummeq alimwita kwa jina mpaka sauti ikamkauka, Avataq akaendelea, wakazunguka ukingo wa tope wakiita na kusikiliza. Tope lilikuwa limefika baharini na kupaka maji rangi. Hatimaye Tukummeq aliketi chini. Avataq alipofungua kinywa aite tena, mama yake alimziba kwa kiganja.

"Basi, mwanangu."

Walikuwa na redio ndani ya boti. Tukummeq ndiye aliyeongea. Mtu wa zamu kijijini aliuliza wako wangapi, nani ameumia, nani hayupo. Kwao jina la aliyekufa halitamkwi mpaka azaliwe mtoto wa kulibeba, na kila mtu wa mwambao ule analijua hilo.

"Hayupo nani, mama?" mtu wa zamu alirudia. "Nitajie jina."

"Baba Benigne," alisema Tukummeq.