Magoti ya Njoro

Iko siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu. Nakuita mwanangu na mimi mwenyewe bado natafuta maisha, lakini usicheke: aliyetumbukia shimoni kabla yako ndiye mzee wako katika shimo hilo.

Mzee Wekesa, mwalimu wa bendi ya kanisa letu kule Kawangware, alinipa gitaa lake la zamani. Si lile la kuning'iniza begani. Hili husimama kwa miguu minne kama meza. Unakaa nyuma yake, unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na chini kuna pedali. Ukikanyaga, sauti hupanda ikilia kama mtu aliyekumbuka kwao. Nililileta hapa Kibera, nikalibana kati ya kitanda na jiko, nikaanza kuota.

Kisha akaja kwenye bendi yetu Njoro wa Riruta Satellite. Kijana mrefu, mpole, na gitaa lake lilikuwa na kitu ambacho langu halikuwa nacho: vyuma viwili vilivyoning'inia chini ya ubao. Mguu ukiwa kwenye pedali, goti lasukuma chuma pembeni, uzi mwingine unalegea, na sauti inageuka katikati ya wimbo. Njoro akipiga, watu walifumba macho. Mimi nilikodoa yangu. Wivu haubishi hodi, mwanangu. Ulikaa nami mezani ukala chapati yangu, mpaka Njoro akinisalimia, "Niaje, Nekesa?" nasikia kama nimetukanwa.

Ibada ya mavuno ilikuwa inakaribia, na kiti cha mpigaji kilikuwa kimoja tu; mimi au Njoro, Mzee angechagua. Nilikitaka kuliko chakula.

Nikamwambia Mzee nataka kuongeza vyuma vya magoti. Akasema, "Gitaa ni lako sasa. Lakini kwanza miguu izoee pedali, halafu ongeza kimoja, ukizoee." Nikaitikia kwa mdomo. Njoro alipotoka kunywa chai, nikapiga magoti chini ya gitaa lake na kamba mkononi, nikafunga fundo kila mahali chuma kilipokaa. Kamba hiyo nikampelekea Ouma, fundi wa kuchomelea pale Gatina.

"Kaa hapo nyuma ya gitaa kwanza, nikupime," Ouma akasema.

"Vipimo ninavyo."

"Vya nani?"

"Ouma, toboa bwana! Wachana na maswali."

"Sawa, madam. Ubao si wangu."

Alimaliza asubuhi ya siku ile ile ya kuchagua mpigaji. Sikujaribu hata kidogo. Nikapitiliza na gitaa langu mpaka kanisani, kifua mbele.

Nikakaa. Nikakanyaga pedali, nikasukuma goti. Likapita hewani. Vyuma vilikuwa juu, magoti yangu chini. Nikiinua goti, mguu unatoka kwenye pedali. Nikirudisha mguu, goti linashuka. Mpiga ngoma akashindwa kujizuia: "Nekesa, unapiga gitaa ama unatafuta kiatu?" Kanisa zima likaangua kicheko.

Njoro akasogea. "Siz, hebu nione, pengine kimekwama." Akakaa. Magoti yake yakaingia pale kama mkono katika mfuko wake. Akalipiga gitaa langu, likatoa sauti ambayo halijawahi kunipa mimi. Watu wakafumba macho. Nilitamani nikivute kile kiti aanguke.

Mzee Wekesa alinisogelea, akaongea polepole, karibu na sikio. "Umemtengenezea mwenzako gitaa. Sasa niambie, ulipokuwa unapima, mwili wako uliuacha wapi?"

Njoro akapewa kiti, nami siku ya mavuno nikapanga maiki.

Baadaye nilirudi kwa Ouma, nikakaa nimevaa viatu vyangu vya kupigia, akapima goti langu mimi. Akafunga chuma kimoja tu. Yale matundu mengine bado yapo kwenye ubao. Na nisikudanganye, Njoro akipiga, wivu bado unanijia. Ila siku hizi unapokuja, naenda kufanya mazoezi.

Basi shika haya, mwanangu. Ukipata gitaa kuukuu, lijue lilivyo kabla hujaliongezea kitu. Fundi akikuambia kaa nikupime, kaa. Ukitamani cha mwenzako, muulize alivyokipata. Njoro angenionyesha siku ya kwanza, laiti ningefungua mdomo. Wivu una macho makali ya kuona cha jirani, lakini mguu wako mwenyewe hauuoni. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Mungu akupe mikono mitulivu na mwalimu mvumilivu. Akupe rafiki anayekushinda, na moyo wa kumpenda hivyo hivyo. Ubarikiwe, mwanangu, na wimbo wako ufike unakoutuma.