Kikao cha Shingo ya Kizazi

Mimba yangu ya kwanza ilipofika miezi mitano, mkunga wa zahanati ya kwetu Kasungami alinishauri nipimwe shingo ya kizazi. Wanapaka siki kidogo, alisema, kisha wanaangalia. Pakigeuka peupe, kuna kitu cha kushughulikia kabla hakijawa saratani. Mtoto haguswi. Mimi kwa ujinga wangu nikamsimulia mama mkwe.

Jumapili baada ya misa kikaitishwa kikao. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Walikaa watu tisa, sita kati yao wanaume, kujadili mahali ambapo hata mimi sijawahi kupaona. Baba mkubwa wa mume wangu, mstaafu wa reli, aliongoza kana kwamba anapanga mabehewa. Mimi nilikuwa jikoni, nawasongea bukari, ugali wetu.

"Vinaigre, ile siki yabo, iko ya salade," mama mkwe alisema. "Munataka mutoto achache?"

"Na bataifungula mimba!" akadakia baba mkubwa. "Ule mutoto iko wetu. Hatuitike."

Mume wangu akaja jikoni kuniita nipewe uamuzi.

Nikasema ndiyo, wazee. Jumanne nikaenda zangu kupimwa. Haikuwa raha, lakini ilikwisha upesi, na mtoto alinipiga teke kama kawaida. Mkunga aliona doa jeupe.

"Haionekane kama cancer, mama, lakini tusiiache," alisema. "Sasa hatuiguse. Ukishazala, kisha juma sita, urudie tuichome."

Niliogopa sana. Sikumwambia mtu, maana kingeitishwa kikao kingine, na bukari ningesonga mimi.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mnene, hajachacha. Juma la sita likafika. Asubuhi nikawaambia yote, tayari kwa vita: nilipimwa kwa siri, doa lipo, leo nakwenda kuchomwa. Nikasubiri kelele. Baba mkubwa alikuwa anasikiliza mpira redioni, hata sauti hakupunguza. Mume wangu akauliza nitarudi saa ngapi, chakula kitapikwa na nani. Mama mkwe akanyoosha mikono.

"Enda, mama. Ila mutoto umuache hapa. Ku hopitali kuko magonjwa."

Nikamkabidhi mtoto, nikaenda peke yangu, maziwa yakinilowesha blauzi. Kule kuchomwa kuliuma kidogo tu.