Matundu Niliyoyaziba

Nyumba yetu ya Sydenham ilikuwa kuukuu, sakafu ya mbao, madirisha yasiyofunga sawasawa. Ikifika Julai, msimu wa baridi huku kusini, pazia lilikuwa linacheza peke yake. Tulikuwa wawili chumba kimoja: mimi na tantine, mdogo wa marehemu mama, aliyenilea tangu Bukavu. Kifua chake hakikupenda baridi.

"Hii nyumba inapiga miluzi kuliko vijana wa kituo cha teksi," alikuwa anasema, nami nacheka.

Basi nikajifanya fundi. Siku zote naota kumjengea nyumba yake, kwa hiyo hii nikaifanya mazoezi. Niliwasha mshumaa, nikaupitisha pembeni mwa madirisha. Pale moto ulipoinama, nikabandika utepe. Chini ya mlango nikakunja shuka. Mwisho nikapanda juu ya kiti. Karibu na dari kulikuwa na matofali mawili yenye matundu. Eish, nikasema, kumbe mwizi wa joto ni huyu! Nikayashindilia sponji la godoro la zamani mpaka yakajaa.

"Sasa iko joto, mtoto wangu," tantine akasema. Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Tulipika humo humo, tukaanika nguo humo humo. Kuta zikaanza kutoa jasho. Nyuma ya kabati ukatokea ukungu mweusi, ukatambaa hadi upande wa mto wake. Akawa anakohoa amegeukia ukutani. Nikimuuliza, "Vumbi tu." Nami nikaongeza utepe! Nilidhani baridi bado inapenya mahali.

Siku moja jirani yetu, Mtanzania fundi wa kujenga, alikuja kurudisha sufuria. Akasimama mlangoni, akanusa, akatazama juu.

"Nani kaziba haya? Nyumba inapumulia hapo! Mnalala ndani ya chupa?"

Nilifungua mdomo. Tantine akaniwahi.

"Ni mimi, baba. Baridi ilinizidi."

Hakunitazama hata.

Niliyazibua siku ile ile, nikabandua na utepe, nikasugua kuta mpaka vidole vikachubuka. Kifua chake hakikunisubiri. Mwezi uliofuata alihamia Pinetown kwa rafiki yake wa kanisani, chumba kikavu chenye jua.

Sasa kuta zangu zimekauka. Pazia linacheza tena. Juzi nilimpigia simu, nikamwambia nimepaka rangi, arudi.

"Hapana, mtoto wangu. Huku napumua."

Kisha akauliza kama najifunika vizuri.