Chai Ndani ya Nyama

Mwanangu, umesema umechoka kuchoma sindano mwanasesere wa plastiki, unataka mgonjwa wa kweli. Haya, kaa hapo. Nakumbuka ujana wangu, Temeke, miaka ile bidhaa za nje ndiyo kwanza zimefurika mjini, hospitali yetu ikapata mashine kuukuu ya altrasaundi, ile ya kuonyesha ndani ya mwili. Mie nilikuwa daktari mpya, na kiherehere changu usiseme.

Wanasesere hatukuwa nao. Mwalimu wetu, Dokta Salama, alinunua pande la nyama sokoni Buguruni. Tunakata kidole cha glovu, tunakijaza chai ya rangi, tunakifunga uzi, tunakizika ndani ya nyama. Unaweka kidude cha mashine juu, unatazama kioo, unapeleka sindano. Ukivuta ikaja chai, umefika. Usipopata kitu, wenzako wanakucheka.

Mie kila zamu chai! Wakaniita bingwa. Hawakujua kwamba kila asubuhi mie ndiye niliyejitolea kukizika kile kidole. Nilijua kilipo, kioo nilikitazama kwa adabu tu.

Basi siku moja akaja Bwana Hamisi, fundi wa kuchomelea vyuma wa Chang'ombe, ana jipu ndani ya ini, homa inamtetemesha. Usaha ulitakiwa kutolewa upesi, jipu lisije likapasukia tumboni. Nikaomba sindano, nikapewa. Nikamtia ganzi, nikachoma, nikasukuma.

"Ncha iko wapi?" Dokta Salama akauliza.

"Nipo ndani, dokta."

"Sijakuuliza wewe uko wapi. Nionyeshe ncha."

Nikatazama kioo, naona ukungu mtupu, nami najua mshipa mkubwa wa damu uko jirani. Nikausimamisha mkono. Bwana Hamisi akanitazama usoni. "Binti, mbona umesimama?"

"Siioni ncha," nikasema. Loo, aibu ile!

Dokta Salama akaishika sindano, akairudisha nyuma taratibu mpaka akaiona ncha, akaipeleka kwenye jipu. Usaha ukaja.

Mchana nikamwambia ukweli wote wa kile kidole. Nilitegemea anifukuze. Akasema, "Ulikuwa unajifunza kusifiwa. Kuanzia kesho anazika mwenzio." Nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi. Wiki nzima sikupata chai, wenzangu wakanicheka mpaka wakachoka wao. Mie sikuacha. Nikajizuia kusukuma hata kidogo kabla sijaiona ncha, na chai ikaanza kuja, safari hii kwa haki.

Jipu la Bwana Hamisi likajaa tena. Dokta Salama akanikabidhi sindano mimi.

"Ni yule binti wa siku ile?" Bwana Hamisi akauliza.

"Ndiye, baba. Ukiona nimesimama, ujue naitafuta ncha."

"Itafute vizuri. Sina pa kwenda."

Nikasimama mara mbili, na mara zote mbili nikaipata. Usaha ukaja, na baada ya siku chache akarudi karakanani kwake.

Kwa hiyo, mwanangu, rudi kwa mwanasesere wako. Mwambie mwenzio akufichie pa kuchoma, ukosee hapo hapo, wakucheke. Na ukishakuwa juu ya mtu, ncha ikakupotea, simama useme huioni, hata kama mgonjwa anakusikia. Mungu akupe macho makini na mkono wenye subira, na kila utakayemchoma arudi kwao kwa miguu yake.