Basi Lenye Serikali Tatu

Nilitoka Bunia kumfuata dada yangu mkubwa, Yaya Furaha, aliyekuwa akiishi Nizi kwenye machimbo ya dhahabu. Mimba yake ilikuwa imetimia, mtoto amekaa vibaya tumboni, na mkunga alikuwa ameinua mikono. Kama asingefika hospitali ya Bunia, wangekufa wote wawili. Ilikuwa wakati wa vita, na basi la umma lilikuwa moja tu.

Saa moja asubuhi nilipanda. Ubavuni lilikuwa limepakwa majina matatu: la mairie, yaani ofisi ya meya wa mji, la territoire, yaani wilaya, na la serikali mpya iliyokuwa imeteka mji mwezi ule. Rangi walikuwa nayo. Mafuta tulikuja nayo sisi abiria, kwenye vidumu.

Tulipofika kijiji cha Iga Barrière, dereva alizima injini.

“Mama, miye naishia hapa. Basi iko ya mairie, barabara ya mbele iko ya territoire.”

“Utatungoja?”

“Nitangoja. Kesho tunarudi Bunia.”

Nikamaliza njia kwa miguu.

Kesho yake alfajiri, wachimbaji wa Nizi walimlaza Yaya kwenye tipoy, yaani machela ya miti na blanketi. Desturi ya huku ni kwamba kila kijiji hubeba mgonjwa hadi mpaka wake, na kijiji cha mbele humpokea. Mwaka ule kila kizuizi kiliuliza kabila kwanza. Wale wabebaji hawakuuliza.

Saa tatu tukafika Iga. Basi lilikuwepo. Kivulini mwake walikaa wakubwa watatu, mmoja wa kila jina, wakiwa mkutanoni, wakibishana nani atie sahihi ya kuliondoa.

“Mwanamke anakufa!” nilipiga kelele.

“Ndiyo maana tuko mu réunion, mama,” alijibu yule wa mairie.

“Hapa iko kwetu,” akasema wa territoire, naye askari wa serikali mpya akasema vilevile, hapa iko kwao.

Watu wa pwani husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chetu hakikwenda kabisa. Niliwadharau siku ile, na nawadharau hadi leo.

Wauza samaki wawili wa Iga waliacha meza zao, wakaita wenzao, wakaingiza mabega chini ya miti ya tipoy.

“Mutupe sasa,” mmoja aliwaambia wachimbaji. “Hapa iko kwetu.”

Maneno yaleyale, lakini hawa waliondoka naye mbio.

Tulipokezana kijiji kwa kijiji, tukaingia Bunia saa kumi jioni. Yaya alipasuliwa, akapona. Mtoto alikuwa amekwisha kufa, na daktari alisema si muda mrefu uliopita. Kwa basi, Iga mpaka Bunia hata adhuhuri isingetukuta njiani.

Siku ya tatu alikuja karani wa hospitali na daftari. Wakubwa watatu walikuwa wakigombea tena: kila mmoja alitaka iandikwe kwamba ofisi yake ndiyo iliyomsafirisha mgonjwa.

“Niandike nani, mama?”

Nilikuwa nimekwisha kujifunza serikali ipi iko karibu na mtu.

“Kwa mama,” nikamwambia, “andika wauza samaki wa Iga na wenzao wa njiani. Kwa mtoto, andika ofisi zote tatu.”