Kumbukumbu Zilizotangulia Mkutano

Niliandika kumbukumbu za mkutano siku moja kabla ya mkutano wenyewe. Kwa miaka mingi nimelikana jambo hili, hata mbele ya mume wangu, ambaye hakuwahi kuuliza.

Miaka ya tisini nilikuwa katibu wa kamati ya pamoja ya wafanyakazi na wakubwa katika kiwanda cha minofu ya samaki aina ya mbuta, Homa Bay. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na tasnifu kuhusu kuwashirikisha wafanyakazi katika maamuzi. Mama yangu aliiweka kibandani kwake sokoni Migori, wateja wakaifunua kwa mikono inayonuka dagaa wa omena. Nilijiona bingwa.

Hoja ilikuwa moja: kuanzisha zamu ya Jumamosi. Akina mama wengi wa meza ya kukata samaki walikuwa Waadventista, na zamu haikuweza kubadilishwa bila kamati kukubali. Meneja alikuwa na safari, akaniambia nichape mapema tusipoteze muda. Nikachapa: wawakilishi wamekubali kwa kauli moja.

Mkutanoni alisimama mwakilishi wao, mama wa Kendu Bay, fundi wa kisu kuliko wote pale. "Jumamosi ni ya Mungu. Tuwekeni Jumapili, tutakuja."

Meneja akamshukuru kwa mchango wake. Karatasi ya mahudhurio walikuwa wameitia sahihi mlangoni; nikaibana kwa stepla kwenye kurasa zangu zilizokwisha kuchapwa. Yule mama aliona.

"Madam," akaniambia kwenye korido, "hiyo mashine yako ni nabii? Inajua tutasema nini kesho?"

Wenzake wakacheka. Kisha akashusha sauti. "Nyathina, mwanangu, nisipokuja Jumamosi watanifuta. Nikija, kanisani nitaingia na uso gani? Wewe umesoma. Wakikuuliza, sema tu vile ilikuwa."

Nikamwahidi.

Jumatatu meneja akiwa bado safarini, simu ya ofisini ikalia. Ilikuwa makao makuu, Nairobi. Sauti ya mzee mpole.

"Kumbukumbu zako zimefika kwa faksi. Kazi safi. Kabla sijatia sahihi, niambie wewe uliyekuwepo: hao akina mama wamekubali kweli?"

Kupitia kioo nilimwona yule mama akinoa kisu, kitambaa cheupe kichwani, akimchekesha jirani yake.

"Kwa kauli moja," nikasema. Halafu, bila kuulizwa, nikaongeza kwamba walipiga makofi.